Nilimwita Baba Mzembe

Wengi mlioniandikia wiki hii mliuliza swali moja tu: je, Gatimu alirudi?

Hakurudi. Na leo sitamtaja sana, kwa sababu yaliyonipata baada yake yalinifanya nimsahau.

Kwa yeyote anayenisoma kwa mara ya kwanza, mimi ni Saumu, binti wa Othmani, aliyekuwa fundi cherehani pale Majengo, Nyeri mjini. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akanilea peke yake. Nilipompenda Gatimu, kijana Mkristo wa kutoka Tetu, baba alinikataza. Nikaolewa bila radhi yake. Siku naondoka aliniambia maneno machache: "Usinitafute. Nami sitakutafuta."

Gatimu alienda Qatar kufanya kazi ya ulinzi, akaanza maisha mengine huko, akaacha kushika simu zangu. Niliporudi Majengo kumwomba baba msamaha, nilikuta ndani ya kibanda chake kunauzwa vifuniko vya simu. Baba alikuwa amehama. Hakuna aliyejua alikoenda, au hakuna aliyetaka kuniambia mimi.

Basi nikabaki Giakanja, nje kidogo ya mji, katika chumba nilichokuwa nimepanga na Gatimu, nikiwa sina mume wala baba.

Kazi niliipata kwa simu. Mwanamke aitwaye Monicah alikuwa na ofisi ndogo mjini, juu ya duka la dawa, na alikuwa akiajiri watu wenye kompyuta na intaneti nyumbani. Aliniuliza kama ninaweza kukaa peke yangu kwa muda mrefu bila kuchoka.

"Ninaweza," nilisema.

Hakujua amemuuliza nani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa ninaletewa vipande vifupi vya video, vimepigwa na kamera zilizofungwa juu ya mabanda ya plastiki ya kukuzia maua. Ndani yake kulikuwa na watu wakifanya kazi kati ya mistari ya waridi. Nyuso zao zilikuwa zimefunikwa na ukungu ili wasitambulike. Kazi yangu ilikuwa kumtazama kila mtu na kubonyeza kitufe kimoja kati ya vinne: ANAVUNA, ANABEBA, ANATEMBEA, HAFANYI KAZI.

"Na hizi alama ni za nini?" nilimuuliza Monicah siku ya kwanza.

"Ni ya kufundisha mashine," alisema. "Hii akili mnemba haijui mtu anayevuna anafanana aje. Wewe ndio unaifundisha, kama mtoto."

"Na hawa watu?"

"Hao hawaguswi na mtu. Ni mazoezi tu. Lakini usiongee na mtu yeyote kuhusu hizo video. Umeweka sahihi."

Sikuwa na wa kuongea naye. Majirani zangu pale plotini, kwenye vyumba vya kupanga, walikuwa wakiamkia mashambani, kwenye chai na kahawa zao. Mimi walinisikia nikifungua mlango kuchota maji na kuufunga tena. Niliwahi kumsikia mama wa chumba cha pili akimwambia mwenzake, "Huyu wa hapa yeye hukaa tu."

Ukikaa hivyo, watu wasio na nyuso wanageuka kuwa watu wako. Nilianza kuwajua. Kulikuwa na mwanamke aliyecheza kidogo kila alipofika mwisho wa mstari. Kulikuwa na kijana mrefu aliyekuwa akimsaidia mwenzake kubeba kabla hajaombwa. Niliwapa majina. Niliwaamkia asubuhi, kwa sauti, kwenye chumba kitupu.

Nilifanya vizuri. Alama zangu za usahihi zilikuwa juu kuliko za wote. Monicah alinitumia ujumbe wa kunipongeza, nami nikausoma mara nyingi kuliko ulivyostahili.

Kisha akaja yule mtu wa kona.

Alionekana kwanza mchana mmoja, kwenye banda ambalo sikuwa nimelizoea. Alikuwa amevaa ovaroli ya kijani kama wengine, ila alikuwa mzito wa mwili, mtu wa makamo au zaidi. Wenzake waliendelea kukata maua. Yeye aliweka mkasi wake chini, akaenda kwenye kona, akageukia ukuta wa plastiki, akasimama kimya mikono ikiwa kifuani.

Nilijua anasali. Mimi ni Mwislamu, sihitaji kuambiwa.

Nikaangalia vitufe vyangu. Havuni. Habebi. Hatembei.

Nikabonyeza HAFANYI KAZI, nikatuma.

Kipande kilichofuata kilikuwa ni mwendelezo wake. Yule mtu aliinama, akasimama, kisha akaanza kwenda chini kusujudu. Hakwenda kama watu wengine. Alishika kwanza ukingo wa ndoo ya maua kwa mkono wa kushoto, akatanguliza goti moja, akasubiri, kisha akalishusha la pili polepole, kama mtu anayeshusha mzigo wa mwenyewe.

Nikaondoa kidole kwenye kitufe.

Baba alianguka kutoka kwenye paa nilipokuwa darasa la nne, akikarabati bati la jirani. Goti lake la kulia halikupona sawasawa. Nilikua nikisali nyuma yake. Kila siku ya utoto wangu nilimwona akishuka vile, akishika mguu wa cherehani, akisubiri kidogo, kisha akimalizia. Hata leo nikienda chini, mwili wangu husubiri kidogo mahali pale ambapo yeye husubiri, ingawa magoti yangu ni mazima.

Niliirudia video. Nikairudia tena. Uso ulikuwa ukungu mtupu, lakini sikuuhitaji uso.

Nilirudi kwenye kile kipande cha kwanza nibadilishe alama. Hakikufunguka. Ukishatuma, umetuma.

"Baba," nikasema kwa kompyuta.

Nililia, lakini nitawaambia ukweli, kulikuwa na furaha ndani yake. Baba yuko hai. Baba anafanya kazi. Fundi aliyekuwa akishona sare za shule za nusu ya Nyeri sasa anakata maua, lakini yuko hai, na bado anasali kwa wakati.

Wale waliofunika nyuso walisahau kitu kimoja. Kwenye kreti iliyokuwa karibu naye kulikuwa na maandishi: jina la shamba, ambalo sitaliandika hapa, na chini yake neno moja, Timau.

Timau si mbali na Nyeri. Mtu huenda na kurudi na jua bado liko juu. Nanyi mtaniuliza kwa nini sikuondoka siku hiyohiyo.

Niliogopa. Aliniambia nisimtafute. Na hapa nilikuwa nimempata bila ya kumtafuta, ninamwona kila siku, wala hajui. Nikajiambia hiyo inatosha. Alipoingia kwenye video asubuhi nilimwambia, "Asalaam aleikum, baba." Alipokula chakula chake ameketi kwenye kreti, nami nilichukua sahani yangu nikala. Mlioishi na watu mtaona ni wazimu. Mliowahi kukaa peke yenu mtanielewa.

Na kila alasiri alipoenda kwenye ile kona, nilibonyeza ANAVUNA.

Nilimdanganyia. Mara ya kwanza nilifikiri kabla ya kubonyeza. Baadaye sikufikiri.

Halafu Monicah akapiga simu.

"Saumu, hii kazi yako iko na shida."

"Shida gani?"

"Kuna huyu mtu wa kona. Ati amesimama hivi, ameinama, hashiki kitu, na wewe unaandika anavuna. Kila siku. Huyo mtu mwingine anayekagua amekataa alama zako zote."

Sikujua kwamba kuna mtu mwingine anayekagua.

"Monicah, huyo mzee anasali."

"Anasali?"

"Ni saa ya alasiri. Sisi tunasali alasiri. Si mzembe. Anachukua muda mfupi kisha anarudi kazini, mwangalie tu."

"Sasa si ungeniambia."

"Hakuna kitufe chake. Wekeni kitufe cha tano. Andikeni, anasali. Au andikeni, anapumzika. Chochote."

Lazima niseme hili kwa haki ya Monicah: hakunicheka wala hakunigombeza. Alisema ataandikia wenye kazi, na aliandika, kwa sababu alinisomea jibu lao lilipokuja.

"Wamesema kesi kama hizo ni chache sana. Haifai kuongeza kitufe kwa sababu ya watu wachache."

"Na hao wachache?"

"Saumu, mimi siko na uwezo. Hata mimi naangaliwa. Iko programu kwa kompyuta yangu inajua nikitoka kwa kiti." Sauti yake ilishuka. "Wacha nikuambie kitu, lakini haikutoka kwangu. Hii si mazoezi tena. Ilikuwa mazoezi mwanzoni. Siku hizi ile mashine imeanza kazi huko shambani. Inaangalia watu yenyewe, na inawatumia onyo kwa simu."

Nilisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Inajuaje nani hafanyi kazi?"

"Kwani si vile mlivyoifundisha? Huyu mtu wa kusimama na kuinama, yeye kwanza alitokea kwa fungu lako. Ukaandika hafanyi kazi. Na wewe ndio ulikuwa na alama nzuri kuwashinda wote, kwa hivyo ikakuamini. Hizo zako za baadaye ndizo zimekataliwa."

Ile ya kwanza, ya kweli kwa kanuni zao, ndiyo iliyobaki. Zile za kumwokoa zilitupwa.

"Hiyo ya kwanza nataka kuifuta," nilisema.

"Haifutiki. Ishaingia. Na Saumu, unamjua huyo mzee?"

Ningeweza kumwambia. Mkataba ulisema ukimtambua mtu yeyote uripoti, uondolewe kwenye kazi ile. Ningeondolewa, na baba angeondolewa mbele ya macho yangu.

"Simjui," nikasema.

Siku chache baadaye baba hakuonekana.

Nilifungua vipande vyote vya lile banda. Yule mwanamke wa kucheza alikuwepo. Yule kijana mrefu alikuwepo. Kwenye mstari wa baba alikuwa mtu mwingine, mwembamba, mwepesi wa mikono. Alasiri ilifika na kona ikabaki tupu. Mashine haikuhitaji alama yoyote kwa kona tupu.

Nilingoja kesho yake. Nikangoja na kesho kutwa. Kisha nikafunga kompyuta, nikavaa buibui, nikafunga mlango. Mama wa chumba cha pili alikuwa akifua.

"Leo unatoka," alisema, akishangaa.

"Nakwenda kwa baba yangu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na mahali pa kusema ninakwenda.

Timau ilinipokea kwa upepo. Mashamba ya ngano yanaanzia pale mji unapoishia, na baridi yake ni tofauti na ya Nyeri, ni kavu, inaingia kwenye mifupa moja kwa moja. Nilifika kwenye lango la shamba la maua nikamwamkia askari.

"Namtafuta mzee Othmani. Anafanya kazi banda la waridi."

"Uko na appointment?"

"Mimi ni binti yake."

Aliangalia kioo cha kifaa kilichokuwa mkononi. "Huyo hayuko kwa mfumo."

"Alikuwepo wiki iliyopita."

"Madam, kama hayuko kwa mfumo mimi simjui." Kisha, kama mtu anayejutia maneno yake, akasogea karibu. "Ni yule mzee wa kofia? Jaribu kwa msikiti. Uliza duka la Yarrow."

Yarrow alikuwa mfanyabiashara Msomali aliyetoka Nanyuki, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu za hina. Duka lake lilikuwa la nguo na mablanketi. Nilipomwambia jina la baba alinitazama muda mrefu.

"Wewe ni Saumu," alisema.

"Umenijuaje?"

"Mzee hana habari nyingine. Tangu aje hapa, watu wote wa msikitini tunajua ana binti Nyeri anaitwa Saumu." Akainua pazia la mlango wa nyuma. "Ingia, dada. Sasa anashona kwangu. Nilikuwa na cherehani ambayo haina mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa. Maneno ya kumwomba msamaha nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Lakini sikuwa nimejiandaa kuona uso wake. Kwa muda mrefu nilikuwa nimemwona akiwa ukungu kutoka shingoni kwenda juu. Sasa huu hapa, umekonda, mvi zimefika kwenye nyusi, miwani imefungwa uzi.

"Asalaam aleikum, baba."

Mguu wake ulisimama juu ya cherehani.

"Waaleikum salaam," akasema. Hakuinuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umekula?"

Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza. Nilitikisa kichwa, na yale maneno yote niliyoyapanga yakatoka kama kilio. Nikapiga magoti sakafuni kati ya vipande vya nguo. Baba akaweka mkono juu ya kichwa changu.

"Nilisema maneno makubwa," alisema. "Mtu akisema maneno makubwa, kuyarudisha ni kazi. Nilisubiri uyarudishe wewe. Halafu nikaona aibu, nikahama."

"Nilikuja Majengo, baba. Hukuwepo."

"Najua. Niliambiwa. Nikaona aibu zaidi."

Tukakaa hivyo. Yarrow alileta chai ya maziwa na anjera, zile chapati laini za Kisomali, akatuacha.

Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Baba alinieleza habari za Timau, jinsi alivyopata kazi ya maua kwa sababu mikono yake ilijua mkasi, jinsi wanawake wa banda lile walivyomwita babu na kumwachia kreti nzuri ya kukalia. Niliuma ulimi. Ile kreti niliijua. Yule mwanamke wa kucheza nilimjua.

"Na mbona uliacha?" nilimuuliza. Nilijua jibu, lakini binti asiyejua angeuliza.

Baba aliweka kikombe chini.

"Sikuacha. Simu yangu ililia nikiwa nakata maua. Ujumbe unasema, umeonekana hufanyi kazi. Nikamwonyesha msimamizi wetu. Akasema hajautuma yeye, umetoka kwa kamera. Nikamwambia, nilikuwa nasali, na wewe unajua nasali, na huwa nafidia ule muda jioni. Akasema anajua. Akasema hata yeye hana pa kusema. Kesho yake ukaja mwingine. Kisha asubuhi moja nikaweka kadi yangu kwenye lango, lango halikufunguka."

"Hawakukuita ofisini?"

"Hakuna mtu aliyenifukuza, Saumu. Hilo ndilo linaloniuma. Nimefanya kazi na Wahindi, nimefanya kazi na Waingereza, nimefukuzwa na watu wenye midomo. Unagombana, mnatukanana, mnamaliza. Hapa nilitafuta mtu wa kugombana naye nikamkosa. Nilisimama nje ya lile lango kama mtu anayebisha nyumba iliyohamwa."

Sikuweza kumwangalia. Nikaangalia cherehani.

"Hata hivyo siko peke yangu," aliendelea. "Kuna mama mjamzito aliyekuwa akiketi kidogo. Kuna kijana mwenye kifua, akikohoa anasimama. Wote lango limewanyamazia. Ngoja, utamsikia Simeon."

Simeon aliingia baada ya swala ya alasiri. Alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wa lile shamba, mtu mfupi mwenye sauti nzito, amevaa bado ovaroli ya kijani. Nilipomwona anavyosogea ndani ya duka nilimtambua. Nilikuwa nimembonyezea ANABEBA mara zisizo na idadi.

Baba akasimama. Alishika ukingo wa meza, akasimama wima kabisa.

"Simeon, huyu ni binti yangu," alisema. "Saumu. Amekuja kutoka Nyeri."

Hamjui nilivyolisubiri neno lile. Binti yangu. Mbele ya watu.

"Karibu sana, mami," Simeon alisema. "Mzee ametuchosha na hadithi yako." Akaketi juu ya furushi la mablanketi. "Mzee, nimetoka kwa afisa wa leba, yule wa serikali wa mambo ya wafanyakazi. Ametusikia. Lakini iko shida."

"Sema."

"Shamba linasema si wao walifukuza mtu, ni mashine. Waliouza mashine wanasema mashine haina akili yake, inafanya vile ilifundishwa. Nikauliza, basi ilifundishwa na nani? Wakasema ni watu wanafanya hiyo kazi kwa nyumba zao, hawajulikani. Ati wako hapa hapa Kenya. Wanakaa na kompyuta wanatuangalia."

"Wanatuangalia?" Yarrow aliuliza kutoka kaunta.

"Wanatuangalia wakiandika, huyu anafanya kazi, huyu hafanyi. Mtu kama wewe na mimi. Afisa amesema tukipata hata mmoja wao, mmoja tu, aje aseme vile ilikuwa, ati waliambiwa nini na kulikuwa na vitufe gani, hii kesi itasimama. Watu watarudi kazini. Bila huyo mtu ni maneno yetu na mashine."

Niliangalia vipande vya nguo sakafuni.

Baba alikuwa akifikiri. Alipozungumza, hakuzungumza kwa hasira.

"Mimi huyo mtu ningependa kumwona," alisema. "Si kwa ubaya. Ningemuuliza jambo moja. Wewe uliona mtu ameweka mkasi chini, amegeukia kibla, ameinama mbele ya Mola wake. Ulidhani anafanya nini?"

Yeye hakutaka jibu kutoka kwetu.

Kisha akanigeukia, akaniwekea mkono begani, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekumbuka kitu chema.

"Lakini Saumu si anajua mambo ya kompyuta? Alisoma haya mambo. Mwanangu, siku hizi unafanya kazi gani?"

Nilifungua kinywa. Kama kuna wakati Mungu aliuweka mbele yangu na kuufungua kama mlango, ulikuwa ule. Ningesema sentensi moja. Ningepoteza kazi, Monicah angepoteza kazi, lakini yule mama mjamzito na yule kijana wa kifua wangerudi kwenye banda lao.

Na baba angejua ni nani aliyemwona akisali akamwita mzembe.

Niliangalia mkono wake. Ulikuwa bado uko juu ya bega langu.

"Ninachapa barua za watu," nikasema. "Kwa kompyuta. Giakanja."

"Umeona?" baba alimwambia Simeon. "Mtu wa kompyuta. Na huwajui watu hao wa kuangalia video, Saumu? Hata kusikia?"

"Hapana, baba. Simjui hata mmoja."

"Haidhuru. Utatutafutia. Wewe una njia za kuwapata, sisi hatuna."

Simeon tayari alikuwa ametoa simu. Aliniomba namba yangu, akaniuliza jina langu kamili, akamwandikia afisa wa leba palepale, huku akisoma kwa sauti anachokiandika: kwamba wamepata dada kutoka Nyeri, binti wa mmoja wa waliofukuzwa, ambaye atawasaidia kumtafuta mtu huyo, na kwamba Jumatatu watakuja naye ofisini.

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mfukoni.

"Amekubali," Simeon alisema. "Anasema Jumatatu asubuhi. Anasema dada aje na chochote atakachopata."

Yarrow alisema alhamdulillahi. Baba alinivutia kiti, akakiweka kando ya chake, karibu kabisa, na akaanza kunikatia kipande kikubwa cha anjera.

"Leo huendi popote," aliniambia. "Chumba changu ni kidogo, lakini nitalala hapa dukani, wewe utalala kitandani. Kula, mwanangu. Hapa ni kwenu."